Wa Kupakatwa

Kwenye mabasi ya mikoani watoto ni wa aina mbili: wa kukaa na wa kupakatwa. Wa kukaa analipiwa nauli. Wa kupakatwa anasafiri bure juu ya mapaja ya mzazi, na mpaka kati yao haupo kwenye cheti cha kuzaliwa, upo kwenye uso wa baba na namna anavyoweza kuukaza. Mwezi Juni, shule zilipofungwa, niliukaza wangu mbele ya kondakta pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, giza halijaisha, nikasema, "Huyu ana mitatu."

Ana mitano na miezi minne. Ana mwili, ana sauti, na viatu vyake vinaanza kumkaribia dada yake. Lakini tulikuwa tumefanya mazoezi wiki nzima nyumbani. "Una miaka mingapi?" "Mitatu." "Rudia." "Mitatu." Na kweli pale stendi alijibu bila kupepesa, tena akainua vidole vitatu juu, nami nikajisikia kama mzazi aliyealikwa kwenye mahafali.

Tulikuwa watano. Mimi, mama yao, mkubwa wa miaka tisa, huyu wa kati, na kitindamimba wa mwaka mmoja na nusu, ambaye peke yake ndiye aliyekuwa wa kupakatwa kwa haki. Viti vitatu. Mbele yetu zaidi ya kilomita 600 hadi Arusha, na kule mwisho, Akeri, juu ya Tengeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru, baba na mama yangu walikuwa wanamsubiri kitindamimba ambaye walimjua kwa picha tu.

Kwa nini basi, wakati miaka yote tunakwenda na gari? Swali hilo nalo lilikuwa na jibu lake tayari: gari liko kwa fundi. Ukweli ni kwamba gari liliuzwa mwezi Machi, likageuka kodi ya nyumba ya miezi sita na ada ya mkubwa. Lakini huwezi kumwambia hivyo mzee wa karibu miaka themanini ambaye siku lilipofika kwake mara ya kwanza alilizunguka mara mbili, akalishika boneti, akaliombea. Kwa hiyo, kwa fundi. Watoto wote watatu wakaelekezwa, hata yule asiyejua kusema.

Mama yao ni mtu wa Tanga, hana haraka ya maneno. Alinitazama tu. "Baba watoto, mbona unawabebesha hawa watoto mizigo mingi?"

Mimi nikadhani anazungumzia mabegi.

*

Tatizo la wa kati ni kwamba alijua kusoma mwezi Mei. Mtu aliyejua kusoma mwezi Mei, ikifika Juni ni kama mtu aliyepata leseni jana: haoni njia asiyotaka kuipita. Chalinze akasoma duka la dawa. Akasoma saluni. Akasoma mgongo wa lori. Njia ikawa pori tupu, akageukia ndani ya basi, akainua macho hadi kwenye maandishi yaliyo juu ya dereva, akayapiga kwa sauti ya paredi: "A-BI-RI-A. HA-RU-HU-SI-WI. KU-ZU-NGU-MZA. NA. DE-RE-VA."

Kondakta alikuwa anapita anagawa soda. Akasimama. "Safi sana, dogo! Uko la ngapi?"

"Chekechea. Mwakani naingia la kwanza."

Kondakta akanigeukia taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba asichojua ndani kuna nini. "Mzee, huyu wa miaka mitatu anasoma hivi. Akifika minne si tutampa hili basi aendeshe?"

Kicheko kilianzia kiti cha pili kikaenda hadi nyuma kule kwenye kuku. Nililipa. Na kwa kuwa basi lilikuwa limejaa, nilichonunua ni nauli ya kiti ambacho hakikuwepo. Mwanangu aliendelea kukaa pale pale, juu ya paja langu la kulia. Tofauti ni kwamba sasa alikaa na tiketi, na alijua, akajinyoosha ipasavyo.

Tulipokata kona ya Segera kitindamimba akaanza kubadilika rangi. Wazazi wa zamani hawajui shida hii. Wao walikuwa na rambo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na mimi naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, mitaro yetu ni shahidi. Ila mfuko mbadala, ule wa kitambaa kitambaa, umeumbwa kubeba nyanya, haukuumbwa kubeba alichokuwa nacho kitindamimba. Unapumua. Chochote chenye majimaji kinaingia juu na kuendelea na safari yake chini, bila haraka, hadi kwenye suruali ya baba. Mama yao alikuwa amekuja na kopo tupu la siagi lenye kifuniko. Alilitoa baada ya mimi kumaliza kuwa shujaa.

Mombo basi liliposimama tule, simu ikaita. Mama yangu huihesabu safari kwa vituo. Kituo kimoja kikichelewa, presha inapanda, na mboga inaungua. Kwa hiyo tangu nikiwa mwanafunzi nimekuwa nikiisukuma safari mbele kidogo ili yeye atulie nyuma.

"Tumeshaipita Same, Mama," nikasema, mkononi nina hindi la kuchoma.

Kati ya Mombo na Same kuna karibu kilomita mia. Wa kati aliyatazama maandishi ya hoteli juu ya mlango, kisha akanitazama mimi kwa huruma ya msomi, akaisogelea simu. "Bibi! Tuko M-O-M-BO! Baba anakula hindi!"

Upande wa pili kukawa kimya kidogo. "Haya, baba," mama yangu akaniambia kwa upole mkubwa. "Kula kwanza."

*

Tulishuka Tengeru magharibi. Mtu anayetoka Dar anashuka na jasho la Dar, halafu hewa ya Meru inamvua jasho hilo kama inavua shati. Mimi, mzaliwa wa hapa, niliyewahi kwenda shule asubuhi nikitoa moshi mdomoni, nilikuwa nimewapakia wanangu bukta tano tano na kandambili. Juni! Mama yao aliuliza kabla hatujaondoka kama kuna baridi. Nilimwambia, "Kabaridi kidogo, ka kulalia vizuri." Kwenye Noah ya kupanda Akeri, tumebanana watu kumi na moja na debe la parachichi, kila mtu alikuwa anashukuru kubanwa.

Mama alikuwa amesimama getini. Hapa niseme jambo ambalo wakati ule sikulitilia maanani. Safari iliyopita aliniita kwa jina la mdogo wangu, na nilimkuta akiisalimia nguo iliyoanikwa. Safari hii, giza linaingia, aliziona mvi zangu kabla sijaufungua mlango wa Noah. Akamwangalia kitindamimba, akasema ana pua ya shangazi yangu marehemu. Nikamwambia mama yao, "Unaona? Wajukuu ni dawa."

Watoto wakaamkia. Shikamoo Babu, shikamoo Bibi, marahaba wajukuu zangu, na kila aliyepokelewa shikamoo yake akazungushiwa blanketi hadi puani. Nami kabla hata ya chai nikaenda bandani kumwona Malkia.

Malkia ni ng'ombe. Miaka miwili iliyopita nilibana hapa, nikakopa pale, nikawatumia wazazi hela ya mtamba wa maziwa. Ndicho kitu kikubwa nilichowahi kuwafanyia, na sikukosa kukikumbusha. Kila Jumapili nikipiga simu, baada ya salamu, "Malkia hajambo?" Baba anajibu, "Hajambo, anakula."

Nikammulika kwa tochi ya simu. "Baba, mbona kwenye picha alikuwa mweusi mweusi? Huyu kama amepauka."

"Baridi, mwanangu," baba akasema. "Na picha za simu usiziamini."

"Na mbona ameelekea kule kwenye ua?"

"Anampenda jirani. Ng'ombe wa siku hizi."

*

Asubuhi wa kati alitoka nje amejifunika blanketi, akatazama upande wa kaskazini kwa muda mrefu.

"Baba, mlima uko wapi?"

Njia nzima nilikuwa nimewahubiria. Mlima Meru, watoto, mita 4,566, wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro. Volkano! Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wote wa mashariki uliporomoka, na mara ya mwisho kurusha majivu ilikuwa 1910. Na uko wapi? Uko nyuma ya jiko la Bibi. Sasa nyuma ya jiko la Bibi palikuwa na migomba, kahawa kidogo, na ukuta wa mawingu mweupe kama shuka la hospitali.

"Uko pale. Umejificha."

"Mlima unajificha?"

"Juni unajificha."

Hakusema kitu. Aliyeona Mombo ikigeuzwa Same ana sababu zake za kutosema kitu. Siku ya pili akauliza tena, na siku ya tatu hakuuliza. Nikamsikia tu akimweleza dada yake kwamba mlima wa Baba uko kwa fundi.

Kwenye chai akahamia kwenye meno ya babu yake. Baba yangu ana meno ya kahawia, yaliyokolea kama mti wa mninga, na hucheka hadi gego la mwisho. Wa kati akamtazama, akageuka akanitazama mimi, nami nikaona kabisa linakuja na sina kopo la siagi.

"Babu, wewe hupigi mswaki? Baba amesema asiyepiga mswaki meno yake yanakuwa hivyo."

Ni kweli nilisema. Dar, saa tatu usiku, mzazi aliyechoka husema lolote. Mama yao akainama kutafuta kijiko ambacho hakikuanguka.

Baba alicheka. "Mjukuu wangu, haya ni maji." Kisha akamweleza kuliko nilivyowahi kuelezwa mimi. Kwamba Meru ni mlima wa moto, na maji yanayopita kwenye mawe yake hubeba madini ya floraidi. Kidogo hulinda meno, yakizidi huyapaka rangi. Kwamba Shirika la Afya Duniani linasema yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini chemchemi na mito mingi ya kwetu hukipita kiwango hicho mara kadhaa. Kwamba jino hutiwa rangi likiwa bado limelala ndani ya fizi, utotoni, na mswaki ukija baadaye unakuta mpaka rangi amemaliza na ameondoka. "Mimi nilizaliwa Engare Nanyuki, kule maji ni makali. Kitambulisho cha taifa nimekipata uzeeni, tena kwa foleni. Hiki ninacho tangu mtoto."

Nikaona nafasi ya kubadilisha mada, nikaanza kumsimulia taabu za njiani. Joto, kutapika, suruali, kukaa saa kumi na mbili na mtoto pajani. Hilo lilikuwa kosa la pili. Baba ana mizani yake ya kupimia safari, na hakuna safari yangu iliyowahi kuisogeza.

Jiwe la kwanza la mizani hiyo ni watu wa Poland. Kuanzia 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili, Tengeru ilipokea wakimbizi wa Poland karibu 5,000, wengi wao akina mama na watoto, waliotolewa makwao wakapelekwa Siberia, wakapitia Uajemi, wakavuka bahari, wakaishia hapa kwenye migomba. Makaburi ya waliofia hapa yapo Tengeru hadi leo. "Na watoto wadogo," baba huongeza. "Siberia. Wewe umetoka Mbezi."

Jiwe la pili ni yeye mwenyewe. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kama 3,000 Engare Nanyuki na Leguruki ili ardhi wapewe walowezi, na nyumba zikachomwa moto. Baba alikuwa na miaka mitano. Alitembea kwa miguu yake, ameshika upindo wa shuka la mama yake, hadi wakaangukia kwa mjomba Akeri. "Nilikuwa kama huyu," akamwonyesha wa kati, ambaye asubuhi ile alikuwa amegoma kutembea hadi chooni kwa sababu ya baridi.

Na jiwe la tatu, la kumaliza maneno, ni Kirilo Japhet. Wameru walichanga nauli senti kwa senti, wakamtuma Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, kwenda kuidai ardhi ile. Miaka mitatu kabla ya Nyerere kusimama kule. "Kirilo alikwenda New York akarudi," baba akasema, akijimiminia chai, "na sikumsikia hata siku moja akiitaja suruali."

*

Jumatano tulishuka mjini kununua masweta, maana mama yao alikuwa ameanza kuwavalisha watoto soksi zangu mikononi. Tukapanda moja ya zile daladala ambazo Arusha tunaziita vifodi, na humo kila mtu ni wa kupakatwa, kuanzia mtoto hadi mwenyekiti wa kijiji. Soko la Kilombero likatuokoa. Kwenye rundo la mitumba wa kati alipata jaketi la kutelezea kwenye theluji la mtoto wa huko Ulaya, lina mifuko saba, akawa anatembea Arusha amechomoza mikono kama ngwini.

Nikataka na mimi nirudishe heshima kidogo kama mwenyeji. Nikawapeleka Mnara wa Saa. "Hapa wenyeji husema ndipo katikati ya Cairo na Cape Town," nikawaambia. Mkubwa akasema ni pazuri. Wa kati akauliza nani alipima. Nikawapeleka Makumbusho ya Azimio la Arusha, Kaloleni, kwenye jengo ambalo Januari 1967 viongozi wa TANU walikutana wakaliandaa Azimio lililotangazwa Februari 5. Nikamwona wa kati amesimama mlangoni, midomo inachezacheza.

"Baba, azimio ni kitu cha kuazima?"

"Hapana. Ni watu wanakubaliana jambo, wanaliandika, ili kesho mtu asije akakana."

"Kwa hiyo si kama ng'ombe wa Babu?"

"Si kama ng'ombe wa Babu," nikasema, nikamsukuma ndani kwa upole, nikijiuliza ng'ombe ameingiaje kwenye Ujamaa. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nilikuwa natafuta choo cha kitindamimba.

*

Ijumaa ilikuwa usiku wa mwisho. Mama alipika kama tunakwenda vitani: machalari ya ndizi na nyama, na loshoro, yale mahindi yanayochanganywa na maziwa mgando hadi kijiko kinasimama. Maziwa, nilisisitiza mezani, ya Malkia. Mama yao alikula akasifu, akasema ameshiba kabisa, na mkubwa, ambaye nilidhani ana busara, akamkumbusha kwamba biskuti zimebaki pakiti mbili begini. Tukacheka. Mambo yalikuwa mazuri.

Kwetu ni Walutheri, chakula kikiisha ni sala. Mama akasema, "Leo atuombee huyu msomi."

Sala ina ugumu mmoja ambao sikuwahi kuufikiria: haikatizwi. Mtoto akisema jambo barabarani unamziba mdomo. Akisema kwenye simu unakata. Lakini akishafumba macho na kusema "Mungu Baba wa mbinguni," hata baba mzazi hana mamlaka tena hadi Amina.

"Mungu Baba wa mbinguni," akasema wa kati, ndani ya jaketi lake la theluji. "Asante kwa chakula na kwa mifuko saba. Mbariki Babu. Mbariki Bibi. Asante kwa kumtoa Bibi mtoto wa jicho, na huyo mtoto, popote alipo, asisikie baridi. Mbariki ng'ombe wa Mama Jirani, kesho arudi kwao salama. Mbariki na Malkia kule alikouzwa. Na gari letu kule lilikouzwa lisipate ajali. Na Babu asimchape Baba. Amina."

Amina zilitoka moja moja, kama watu wanaoshuka kwenye basi lililopinduka.

Niliyafumbua macho nikakuta baba ameyafumbua ya kwake. Mabega ya mama yao yalikuwa yanatikisika. Kuni zikalia motoni.

"Gari liko kwa fundi gani?" baba akauliza.

Nami, kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi, nikamuuliza, "Na huyo ng'ombe, baba, amepaushwa na baridi gani?"

Ikabidi yamwagike yote. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jirani alimpeleka Moshi akapasuliwa, Februari, na Malkia ndiye aliyelipa. Nikauliza kwa nini hawakuniambia. Mama akasema ningehangaika, ningeuza kitu. Nikasema kitu chenyewe nilikiuza hata hivyo, maana Machi iliyofuata niliuza gari. Akasema, "Unaona sasa?" kana kwamba nimemsaidia hoja yake. Kisha tulipowaambia tunakuja, wakaona aibu ya banda tupu. Wakaazima ng'ombe. Maziwa tuliyokuwa tunayasifu wiki nzima yalikuwa yananunuliwa kwa kikombe kwa mwenye ng'ombe, juu yake mkungu wa ndizi.

"Wewe ulinunua ng'ombe ili mama yako amwangalie," baba akasema mwishoni. "Na mama yako alikuwa hamwoni."

Sikuwa na la kujibu. Nikamgeukia wa kati, ambaye siku ya pili tu alikuwa amekwenda na babu yake kwa jirani kubeba majani, akaambiwa siri yote. "Babu hakukukataza kusema?"

"Alinikataza nisikuambie wewe," akasema. "Sijakuambia wewe."

Kweli. Alimwambia Mungu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Shuleni nilifundishwa maana yake ni kwamba mwenye kuona haya hapati msaada. Usiku ule, nikiwa nimelala kati ya watoto watatu na blanketi linalotosha wawili, niliigeuza ndani nje. Aliyezaa atauficha wapi? Kazaa mwenyewe wa kuutangaza. Baba na mimi tumerithiana uongo huu wa adabu, kama wengine wanavyorithiana shamba. Wao wanasema "hatujambo" ili nisiuze gari, mimi nasema "hatujambo" ili wasiuze ng'ombe, na gari limekwenda na ng'ombe amekwenda, na hatujambo kweli.

*

Jumamosi alfajiri mama aliniamsha nije nje. Mawingu yalikuwa yamekwenda. Mlima ulisimama nyuma ya jiko, wote, kuanzia msitu hadi kileleni, mkubwa kiasi kwamba mtu unapata aibu kidogo, kama umemkuta mzee anaoga. Wa kati alitoka, akautazama bila kusema. Kisha akasoma, maana hana njia nyingine ya kutazama: "Me-ru."

"Kumbe upo," akasema.

"Nilikuambia."

Chini yetu baba alifungua kizuizi cha banda. Ng'ombe wa kuazima hakungoja kamba. Alipita kwenye pengo la ua, akaenda kwao bila kugeuka, na upande wa pili mtoto wa jirani alikuwa amesimama anamsubiri na kikombe.

Tengeru, mlangoni pa basi la kurudi, kondakta mwingine akamtupia macho wa kati. "Huyu miaka mingapi?"

"Mitano na miezi minne," nikasema upesi, kabla hajaniwahi.

Kondakta akatazama viti, akatazama foleni, akanitazama mimi. "Bado mdogo huyo, mzee. Mpakate tu."

Jumapili jioni nilipiga simu kama kawaida. Tumefika salama, Mama. Malkia, yaani yule wa jirani, hajambo? Hajambo, tunasalimiana kwenye ua. Na wewe macho? Mazuri, naona hadi vumbi. Na wewe kazi, watoto, nyumba?

"Kila kitu kiko sawa kabisa, Mama," nikasema.

Kukawa kimya kidogo upande wa Akeri.

"Haya, baba. Nipe yule wa kati."